Shajara ya kimchi jjigae ya kitimoto, Oktoba mpaka Juni

14 Oktoba 2023, Gwangju

Naanza kuandika leo maana nimeshapika mara tatu, mara zote haijatoka, na sikumbuki vizuri sufuria ipi niliweka nini, kwa hiyo kuanzia sasa kila sufuria inaandikwa.

Ninachotafuta ni mchuzi mmoja tu. Tangu nifike Korea nilikuwa nakula mchana kwenye kimgahawa kimoja uchochoro wa nyuma ya chuo, kimchi jjigae na bakuli la wali won 8,000, inakuja mezani bado inatokota kwenye ttukbaegi (kile chungu cheusi cha udongo), vipande vya kitimoto vinene, na mchuzi wake una uchachu unaokamata mashavu kwanza alafu nyuma yake unakuja utamu wa nyama. Mama aliyekuwa anapika tulikuwa tunamwita imo, yani mama mdogo, ndo wanavyowaita hapa wamama wa migahawani. Mwezi wa nane kafunga sababu ya magoti. Tangu hapo nimejaribu migahawa minne na hakuna hata mmoja wenye mchuzi ule, basi nikasema ngoja niutafute mwenyewe kwenye jiko langu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: jjigae ni mchuzi mzito kuliko supu, na hii inapikwa kwa kimchi, yani kabeji ndefu ya Kichina (sio chainizi zetu za mafungu, hii inafunga kichwa kirefu cheupe) iliyolazwa kwenye chumvi, ikapakwa pilipili, saumu, tangawizi na samaki wa chumvi, alafu ikaachwa ichache yenyewe.

Sufuria ya 4. Kimchi ya supamaketi gramu 500, samgyeopsal gramu 200 (nyama ya tumbo, jina lenyewe maana yake nyama ya tabaka tatu), maji, kijiko kikubwa cha gochugaru ambayo ndo pilipili yao ya unga, dakika 20. Nimepata maji mekundu. Kabeji bado inalia kwenye meno kama kachumbari, ina kautamu ka sukari, nyama imekaa peke yake na mchuzi umekaa peke yake. Pilipili ipo, chumvi ipo, ule uchachu hamna kabisa.

21 Oktoba

Sufuria ya 5, nimeongeza gochujang (rojo lao zito la pilipili) vijiko viwili nikidhani kinachokosekana ni uzito. Mchuzi umekuwa mzito kweli, ila umegeuka rojo la tteokbokki (vile vijiti vya mchele vya kwenye rojo la pilipili), mtamu, unanata kwenye midomo, maana gochujang ndani yake kuna mchele wa kunata na utamu wa kutosha. Haiingii tena kwenye sufuria yangu ya jjigae.

Sufuria ya 6 ni ya siki. Hii ushauri wake nimeupata kwa watu wengi, kwamba kimchi ikiwa changa ongeza siki na mambo yanaenda. Nimenunua kipima pH kidogo cha digitali (pH ni namba ya uchachu, ikishuka ndo uchachu umepanda) ili nisiwe nabahatisha, maji ya ile kimchi ya dukani yamesoma 4.9, nikaongeza siki kidogo kidogo mpaka 4.1 nikapika. Uchachu umekuja ila unapiga puani, ukimeza umeshapotea, na kabeji chini yake bado ni ile ile changa. Siki asidi yake inaruka na mvuke ndo maana unaisikia puani kabla ya ulimini, ila uchachu mkubwa wa kimchi ni ile asidi ya maziwa mgando, haina harufu kali, inatulia ulimini. Hiyo naielewa. Kinachonisumbua ni kwamba namba imefika kabisa na ladha haijafika, kwa hiyo kuna kitu kingine kwenye kimchi iliyokaa ambacho sio asidi.

28 Oktoba

Leo nimeenda soko la Yangdong, soko kubwa la hapa Gwangju, na nimepotea kwenye vichochoro vya dagaa na pilipili kama saa nzima nikiwa na furaha tu. Wauza kimchi wamekaa na mabeseni yao mekundu, nikamwambia mama mmoja kwa Kikorea changu kwamba nataka ya jjigae, sio ya kula hivi hivi. Kanitazama, kaacha mabeseni yote ya mbele, kaenda nyuma kafungua ndoo, kachana kipande kwa mkono wenye glavu akanilisha mdomoni mwenyewe. Mugeunji. Kimchi ya tangu mwaka jana. Rangi yake sio nyekundu tena, imeelekea kahawia, jani limekuwa kama linapitisha mwanga, na ule uchachu ulivyofika nikafumba macho nikamkumbuka imo, yani ni ule ule, bila kupikwa.

Nimechukua kilo moja. Yule mama anasema watu wa Jeolla, ndo mkoa huu, wanaweka samaki wa chumvi wengi kuliko watu wa Seoul na ndo maana ya kwao inakaa muda mrefu na inazidi kunoga. Nadhani jibu la kitu changu cha siki liko hapo hapo: wale samaki na uduvi wa chumvi ni protini, na protini ikikaa miezi inavunjika inakuwa ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama, wakati huo huo sukari ya kabeji inaliwa na bakteria. Siki haiwezi kufanya hiyo kazi, siki inaleta asidi tu.

Mbali kidogo na soko nimepata na nyama, safari hii apdarisal, ya mguu wa mbele, bei yake iko chini sana ya samgyeopsal na ina mafuta kiasi na ngozi kidogo. Muuzaji anasema jjigae ya nyumbani ni hiyo.

4 Novemba

Sufuria ya 7 na ya 8 kwa pamoja, kimchi ya kilo ile ile, nyama ile ile, tofauti ni mwanzo tu. Ya 7 nimeweka kila kitu na maji toka mwanzo. Ya 8 nimeanza na nyama peke yake mpaka mafuta yametoka yakaanza kuchuruzika chini, kama dakika 4, alafu kimchi bila maji, moto wa kati, nageuza na mwiko dakika 10 nzima.

Hapo kwenye dakika 10 ndo pa kuangalia. Mwanzo kimchi inatoa maji yake na sufuria inafanya sauti ya kuchemka, ukivumilia yale maji yanakauka na sauti inabadilika inakuwa ya kukaanga, na muda huo huo mafuta pembeni ya sufuria yanageuka kutoka meupe kuwa rangi ya mawese. Rangi ya pilipili inayeyuka kwenye mafuta, kwenye maji haiyeyuki, kwa hiyo usipokaanga inabaki imeshikilia jani. Harufu nayo inabadilika, ule ukali wa kuchacha unashuka na inakuja harufu ya kitu kilichoungwa.

Alafu maji, nusu kikombe cha maji ya kimchi yenyewe, mfuniko, dakika 35. Nilikuwa naogopa itakuwa uji ila haikuwa, asidi inafanya mboga ichelewe kulainika, kwa hiyo kimchi iliyochacha inataka muda mrefu kuliko unavyodhani, dakika 20 zilikuwa zinanidanganya siku zote.

Ya 8 imeishinda ya 7 wazi. Ila niseme ukweli, ya 7 sio mbaya, mchuzi wake ni mwepesi na safi, na kuna Wakorea wanaopenda hivyo hivyo bila kukaanga. Mimi nafuata ule wa imo na wake ulikuwa na yale mafuta ya rangi ya mawese juu.

Shida: kilo imeisha, na mugeunji sio bei ya kununua kila wiki kwa hela ya mwanafunzi.

25 Novemba

Nimepata kimchi yangu, na nimeitengeneza kwa mikono yangu.

Bibi mwenye nyumba ninapopanga (namwita halmeoni, yani bibi, yeye ananiita haksaeng, mwanafunzi) alikuja kugonga Alhamisi kaniambia Jumamosi ni gimjang, anataka mtu wa kubeba. Gimjang ndo siku ya kutengeneza kimchi ya majira ya baridi yote, familia na majirani wanakusanyika, UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013. Kabeji 30. Zilikuwa zimeshakatwa katikati na kulala usiku kucha kwenye chumvi ya bahari, asubuhi kazi yetu ilikuwa kuzisuuza mara tatu na kuzipanga zichuje, na ukikunja jani la chini linakunjika bila kuvunjika ndo unajua chumvi imeingia.

Rojo la kupaka lenyewe: gochugaru beseni zima, figili ndefu nyeupe iliyokatwa nyuzi nyuzi, saumu, tangawizi, uduvi wa chumvi (saeujeot), mchuzi wa dagaa waliooza kwenye chumvi, majani ya vitunguu, na uji wa mchele wa kunata. Uji nilishangaa. Halmeoni kasema bila uji pilipili haishiki jani, na hao bakteria nao wanataka chakula. Tukakaa chini kwenye nailoni wamama sita na mimi, unachukua nusu kabeji unafungua jani moja moja kuanzia la nje, unapaka zaidi kule kwenye shina jeupe maana ndo nene, ukimaliza unalichukua jani la nje kabisa unaifunga kabeji nzima kama unamfunga mtoto. Mimi nilikuwa napaka nyingi mno. Halmeoni alinishika mkono akauendesha mara mbili tatu bila kusema kitu, akaniacha. Wana neno lao sonmat, ladha ya mkono, ni kama sisi tunavyosema fulani ana mkono wa kupika, na nadhani leo nimeonyeshwa kidogo unaanzia wapi.

Mchana tumekula kitimoto cha kuchemsha kimefungwa kwenye jani la kimchi mbichi ya siku hiyo hiyo, ndo desturi ya gimjang.

Mshahara wangu: tong moja, lile boksi la plastiki la kimchi, kilo 8. Nimeandika tarehe kwenye mfuniko kwa makapeni. pH 5.7.

3 Desemba

Niliiacha nje ya friji siku mbili kama nilivyoambiwa alafu ikaingia. Jana usiku mfuniko umejisukuma wenyewe na maji mekundu yamemwagika friji nzima, hata maziwa yananukia saumu. Ni gesi ya bakteria wanaoanza kazi, unatakiwa usijaze mpaka juu na kila siku unaikandamiza kwa mkono mpaka mapovu yatoke na majani yote yazame, maana jani likikaa juu ya maji linapata utando mweupe. Nimetoa vipande viwili, nimekandamiza, sasa imetulia. pH 4.9.

Halmeoni ana friji ya peke yake ya kimchi, kubwa yenye droo, inakaa kwenye nyuzi sifuri na haipandi wala haishuki. Zamani walikuwa wanazika mitungi ardhini, na ile friji inaiga tu ardhi ya wakati wa baridi. Yangu ya kawaida iko 4 na naifungua mara ishirini kwa siku, kwa hiyo yangu itachacha haraka kuliko ya kwake. Kwa jjigae sio mbaya.

6 Januari 2024

Wiki sita, pH 4.3. Kwa kula na wali sa hizi ndo tamu kuliko wakati wowote, ina gesi kidogo ulimini kama soda, nakula asubuhi na jioni na inabidi nijizuie. Sufuria ya 9 nimeipika ili niwe na rekodi. Nzuri, mtu yeyote angeila, ila haijawa ule. Nusu ya iliyobaki kwenye tong naifunga na haiguswi mpaka Juni.

17 Machi

Jirani yangu chumba cha tatu anatokea Tanga, tumekuwa ndugu huku ugenini. Kitimoto hali, na amekuwa ananusa sufuria zangu toka Oktoba bila kuonja hata tone, na sasa ni Ramadhani, nikasema hii sio haki. Kuna kimchi jjigae ya jodari wa kopo, chamchi, na Wakorea wenyewe wanaipenda sana. Nimenunua sufuria mpya na mwiko mpya, havijawahi kugusa nyama yangu na vitakaa chumbani kwake.

Ya jodari ni tofauti na ya kitimoto. Kimchi unaikaanga kwa yale mafuta ya kopo, maji, dakika 25, na jodari mwenyewe anaingia mwishoni kabisa, ukimuweka mapema anakuwa kama vumbi la mbao. Hapa nimetumia na supu ya dagaa, myeolchi waliokaushwa wakubwa kumi, nikawatoa vichwa na matumbo kama tu nyumbani maana ndo yanayoleta uchungu, na kipande cha mwani (dasima) nilichokitoa maji yalipoanza kuchemka kabla hakijaanza kutoa ute. Tumefuturu na tende, uji na hiyo jjigae na wali. Kala bakuli mbili akasema, "Ndugu yangu, kumbe huu ndo uliokuwa unanitesa ukutani miezi yote hii."

20 Aprili

Sufuria ya 12, 13 na 14 zote zilikuwa za maji. Nimejaribu maji matupu, supu ya dagaa na mwani, na maji ya kuoshea mchele. Supu ya dagaa kwenye sufuria ya kitimoto mimi sijaipenda, ladha mbili kubwa zinasukumana na nyama ndo inashindwa. Maji ya mchele ndo penyewe: unamwaga maji ya kwanza maana yana vumbi, unasugua mchele, unachukua ya pili na ya tatu yale meupe kama tui jepesi. Wanga wake unaushikilia mchuzi na mafuta hayaelei peke yake. Nilikuwa nayamwaga kila siku kwenye sinki toka nimefika nchi hii.

Na sukari, nusu kijiko cha chai, inaingia wakati wa kukaanga. Haileti utamu, inaondoa tu ile ncha kali ya uchachu. Ukiisikia ujue umezidisha.

8 Juni

Miezi sita na nusu. Nimefungua tong na kabla ya kupima nimeonja, alafu nimepima: 3.8. Jani la nje limeingia kahawia, shina linapitisha mwanga, gesi hamna tena. Nimesimama mbele ya friji imefunguliwa nikatafuna polepole.

Sufuria ya 17. Apdarisal gramu 250, vipande vya unene wa kidole, moto wa kati mpaka mafuta yametoka. Kimchi gramu 400, nimeikata kwa mkasi humo humo ndani ya sufuria, na sukari ile nusu kijiko. Dakika 10 mpaka sauti imebadilika. Maji ya mchele mililita 700, maji ya kimchi nusu kikombe, mfuniko, moto mdogo dakika 30. Alafu saumu iliyopondwa kijiko kikubwa, gochugaru kijiko kikubwa, uduvi wa chumvi kijiko cha chai badala ya chumvi, dakika 10 tena. Mwisho nusu pakti ya tofu (jibini ya soya) vipande vipana, kitunguu cha majani kilichokatwa mshazari, pilipili ya cheongyang moja, dakika 3, nimezima. Nimehamishia kwenye ttukbaegi niliyonunua Yangdong (haioshwi kwa sabuni, udongo unaifyonza alafu unairudisha kwenye chakula kijacho) na nimeiwasha tena mpaka imetokota pembeni.

Nimekaa chini. Kijiko cha kwanza cha mchuzi peke yake bila wali. Umekamata mashavu. Nimesubiri, na nyuma yake ukaja ule utamu wa nyama, taratibu, na ukakaa. Nyama inachanika kwa kijiko na ndani yake mpaka katikati ina uchachu, sio tena nyama ndani ya mchuzi. Nimekula nusu bila kuinua kichwa, alafu nikakumbuka kuandika.

Jioni nimempelekea halmeoni bakuli. Kaonja amesimama mlangoni, kauliza nyama ni apdarisal, nikasema ndio, kaonja tena. Kasema uduvi ongeza kidogo. Kasema mwaka huu kabeji zitakuwa 40 badala ya 30, kumi ni zangu, ila nitakuja toka Ijumaa usiku kwenye kutia chumvi. Nimeweka alama kwenye kalenda, Ijumaa zote za Novemba, maana siku yenyewe anaamua yeye kwa kuangalia baridi.

Kwenye tong imebaki kilo moja na robo. Hizo ni sufuria tatu.